"Mama, naboeka!" Nimpe simu au nimwache?

Washauri, habari za kazi.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Tabata, Dar es Salaam. Wa kwanza ni wa kiume, ana miaka 9, amemaliza darasa la nne. Mdogo wake ni wa kike, ana miaka 6. Shule zimefungwa, na tangu wiki ya kwanza ya likizo wimbo ni mmoja tu: "Mama, naboeka."

Mimi na baba yao tunatoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, tunarudi jioni. Nyumbani anabaki dada wa kazi. Nimewaachia simu yangu ya zamani na kila siku nawawekea bando. Linaisha kabla ya adhuhuri, kisha wanahamia kwenye simu ya dada. Jumamosi nikiwa nyumbani naona mwenyewe: video ya nusu dakika, nyingine, nyingine tena, kidole hakitulii. Nikiwanyang'anya ni vita. Na cha ajabu, baada ya saa tatu nzima za simu kijana bado ananiambia anaboeka!

Jumamosi iliyopita nilisema liwalo na liwe. Nikazima simu, nikazima na televisheni. Kijana akalia, akanuna, akanifuata jikoni, chumbani, hadi uani nilikokuwa nafua. Kama dakika arobaini hivi. Halafu kukawa kimya. Kuingia sebuleni, nakuta kafungua rimoti ya televisheni, vipande vyote vimetandazwa mkekani na mdogo wake anamshikia kifuniko. Nilikasirika, nikaona heri simu kuliko kuvunjiwa vitu. Nikamrudishia.

Dada yangu anasema niwapeleke tuisheni wasikae bure. Mama mkwe anasema watoto wa zamani hawakuwa na mambo hayo, waachwe tu. Mimi nasikia siku hizi wapo wataalamu wanaosema kuboeka kuna faida. Faida gani? Na nifanyeje, maana mchana sipo? Nikiri pia kwamba mimi mwenyewe nikikaa kwenye daladala bila simu najiona kama nimesahau kitu nyumbani.

Mama Wawili, Tabata

Mama Wawili, pole kwa rimoti, na hongera. Jumamosi ile ulikuwa umefanikiwa. Kilichokuponyoka ni dakika tano za mwisho.

Hebu isome tena barua yako. Mtoto alilia, akanuna, akakufuata, kukawa kimya, kisha mikono yake ikapata kazi. Huyo aliyekaa mkekani na vipande vya rimoti hakuwa anaboeka tena. Alikuwa ameshavuka mwenyewe, na mdogo wake kamfanya msaidizi wa fundi. Jiko la mkaa likiwashwa hutoa moshi kwanza. Wewe ulivumilia moshi wote, mkaa ulipoanza kushika ukaumwagia maji.

Na ulipomrudishia simu ulimfundisha bei yake. Sasa anajua simu inagharimu dakika arobaini za kulia. Wanasaikolojia wa tabia wanalijua jambo hili tangu zamani: tuzo iliyozoeleka ikikatwa ghafla, tabia iliyokuwa ikiileta hupanda kwanza, ndipo ishuke. Mtoto hupaza sauti zaidi, hukufuata zaidi, hubuni maudhi mapya. Mzazi akilegea pale kileleni, safari nyingine mtoto ataanzia pale pale. Kwa hiyo Jumamosi ijayo jiandae kwa dakika hamsini. Tunakwambia mapema ili zikifika usidhani mpango umeharibika.

Sasa swali lako la faida. Kwanza tutenganishe maneno mawili, maana mwanao anatumia neno moja kwa mambo mawili. Kuboeka (wengine huandika "kuboreka", ambalo ni neno jingine kabisa, la kitu kuwa bora zaidi) ni kukosa cha kukushika. John Eastwood wa Chuo Kikuu cha York, Toronto, na wenzake walilieleza vizuri mwaka 2012: ni ile hali ya kero ya kutaka kushughulika na jambo la kuridhisha, usiweze. Zingatia hapo kwamba kutaka kupo. Mvivu hataki, aliyeboeka anataka, ila hajapata. Kukinai ni jambo jingine. Ni kushiba kitu mpaka kikakutoka rohoni, kama pilau ya siku ya tatu baada ya harusi. Mtoto anayesema "naboeka" baada ya chai ya asubuhi ameboeka kweli. Anayesema hivyo baada ya saa tatu za video amekinai, na aliyekinai haongezewi sahani ya chakula kile kile.

Hilo la kidole kisichotulia limepimwa. Mwaka 2024 Katy Tam na Michael Inzlicht wa Chuo Kikuu cha Toronto walichapisha mfululizo wa majaribio saba kuhusu watu wanaorukaruka kati ya video. Washiriki walitarajia kwamba uhuru wa kuruka ungewapunguzia kuboeka. Ikawa kinyume: walipoangalia video moja bila nafasi ya kuruka waliboeka kidogo kuliko walipopewa kadhaa za kuhamahama. Anayeruka hakai mahali popote muda wa kutosha kushikwa na kitu. Kwa hiyo usishangae bando kuisha na malalamiko kubaki. Yote mawili yanatoka kwenye kidole kimoja.

Faida ya kuboeka, basi, iko kwenye ule msukumo wa kutaka. Njaa humtoa mtu kwenda kutafuta chakula. Kuboeka humtoa kwenda kutafuta shughuli. Wakati huo huo kichwa hakilali. Mwaka 2001 Marcus Raichle na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini St. Louis, walieleza kwamba yapo maeneo ya ubongo ambayo hufanya kazi zaidi mtu anapokuwa hana kazi maalumu mbele yake. Tafiti zilizofuata ziliyahusisha maeneo hayo na kukumbuka yaliyopita, kupanga yajayo na kuwaza watu wengine wanafikiri nini. Ndizo kazi tunazozifanya tukiwa tumekodoa macho dirishani, na ndizo zinazokatizwa kila simu inapotolewa mfukoni.

Na ubunifu? Hapa tuwe na kiasi, maana watu wanauza maneno. Sandi Mann na Rebekah Cadman wa Chuo Kikuu cha Central Lancashire, Uingereza, walichapisha mwaka 2014 majaribio mawili. Watu walipewa kazi ya kunakili namba kutoka kitabu cha simu kwa dakika 15, halafu wakaulizwa vikombe viwili vya plastiki nyepesi vinaweza kutumika kwa mambo gani. Walitoa majibu mengi kuliko ambao hawakuchoshwa kwanza. Katika jaribio la pili kulikuwa na kundi lililosoma namba hizo tu bila kuandika, na hao waliwashinda waandishi kwa ubunifu. Maelezo ya watafiti ni kwamba kadiri kazi inavyoacha akili huru, ndivyo inavyopata nafasi ya kutangatanga na kurudi na kitu. Ni majaribio madogo. Hayasemi kwamba mtoto wako atakuwa mvumbuzi kwa kukaa kwenye kochi. Yanasema akili iliyoachiwa upenyo huutumia, basi.

Pia mama mkwe wako apewe nusu ya haki yake. Watoto wa zamani waliachwa, lakini hawakuachwa patupu. Palikuwa na uwanja, udongo, watoto wenzao kumi wa mtaa mmoja, waya, makopo, na kaka aliyejua kutengeneza gari la waya. Ukimwacha mtoto wa leo ndani ya geti, kwenye sebule ya vigae isiyo na kitu ila televisheni iliyozimwa, umempa msukumo ukamnyima pa kwenda. Msukumo wa kuboeka hauchagui njema wala mbaya, hushika kilicho karibu. Ndiyo maana watafiti huuona kwa walaji ovyo na wacheza kamari pia, na ndiyo maana kijana wa miaka 17 asiye na kazi na mwenye simu anaweza kuishia kwenye kubeti. Kwa wako wa miaka 9, kilichokuwa karibu kilikuwa rimoti. Badilisha kilicho karibu.

Tafuta boksi moja la katoni, liitwe sanduku la likizo. Ndani weka magazeti ya zamani, kurasa kumi au zaidi. Chelewa thelathini kutoka kwenye ufagio uliokwisha. Uzi, rola nzima. Vizibo vya soda arobaini. Mwenye genge au duka la vinywaji atakupa bure. Soksi zilizopoteza wenzake na matambara. Makopo mawili matatu yaliyogongwa kingo kwa nyundo mpaka hazikati. Maboksi madogo ya dawa ya meno na ya majani ya chai. Penseli mbili, chaki, na mikasi miwili ya ncha butu. Miwili, tafadhali, kwa sababu mkasi mmoja kwa watoto wawili ni ugomvi uliopangwa. Kwa kijana peke yake, siku ambayo wewe upo, ongeza mita tatu za ule waya laini wa kufungia nondo.

Gundi pikeni nyumbani: koroga vijiko viwili vya chakula vya unga wa ngano katika robo kikombe cha maji baridi mpaka madonge yaishe, mimina kwenye nusu kikombe cha maji yanayochemka, endelea kukoroga dakika moja au mbili mpaka iwe nzito na ianze kung'aa. Ukimimina unga mkavu moja kwa moja kwenye maji ya moto utapata madonge yasiyoshika kitu. Kwa joto la Dar gundi hiyo huanza kunuka siku ya pili au ya tatu, kwa hiyo pikeni kidogo. Jikoni ni kazi ya mtu mzima, si ya watoto.

Mpira wa mifuko ya nailoni, ambao baba yao huenda anaukumbuka, umekuwa mgumu kupata malighafi tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku tarehe 1 Juni 2019. Soksi iliyoshindiliwa matambara na kuzungushiwa vipande vya tyubu ya baiskeli hufanya kazi ile ile, hata hudunda kidogo.

Weka sanduku mahali watoto wanapoliona, funga mdomo. Hilo la pili ndilo gumu. Usiseme "si mtengeneze tiara?" Ukisema hivyo shughuli inakuwa yako, na baada ya dakika tano wanarudi kuuliza nyingine, kama wateja wa hoteli. Kama hawajawahi kuona tiara ikitengenezwa, waonyeshe mara moja siku nyingine, mbali na saa hii. Njiti moja ndefu, nyingine fupi kidogo iliyofungwa msalaba kwenye theluthi ya juu, gazeti juu yake, mkia wa kitambaa wenye urefu kama mara tano ya tiara yenyewe. Ikizunguka kama pia, ongeza mkia. Isiponyanyuka, punguza. Na irushwe pasipo na nyaya za umeme. Ikinasa, iachwe huko huko. Baada ya hapo jibu swali utakaloulizwa, hilo tu.

Muda. Washauri wengi wangekwambia uanze na dakika kumi, kisha uongeze. Kwa mtoto mdogo ambaye hajazoea simu ni sawa. Kwa mwanao hapana, kwa sababu tayari anajua kulia kwa dakika arobaini. Ukimpa nusu saa, dirisha litafungwa akiwa bado kwenye moshi na hatafika kwenye rimoti. Mpe saa moja na nusu. Iwe saa tatu hadi saa nne na nusu asubuhi, baada ya chai, kabla joto halijakaba. Mchana wa Desemba mtoto huchoka, hupata kiu, husinzia, na vyote hivyo hutoka mdomoni kama "naboeka". Mwenye njaa alishwe na mwenye usingizi alale. Hao hawamo kwenye mpango huu.

Mdogo wake wa miaka 6 hawezi muda wote huo peke yake. Mara nyingi atamfuata kaka. Akichoka, akae karibu na dada akipewa bakuli na mchele kidogo wa kuchagua, au chaki na sakafu ya uani. Dakika ishirini, thelathini za kujichezea zinamtosha kuanzia.

Simu usiifute kabisa. Iwekee saa yake, tuseme kumi hadi kumi na moja jioni, na isiwe mara tu baada ya saa ya kukaa bure. Hili ni kosa tunaloliona sana: "kaa kimya mpaka saa nne na nusu nitakupa simu." Mtoto hatacheza, atatazama saa. Umegeuza muda ule kuwa foleni ya benki. Kwenye simu yenyewe, zima kile kitufe kinachoanzisha video inayofuata bila kuombwa, na badala ya video fupi pakua filamu moja au kipindi kirefu, wachague pamoja, waangalie mwanzo hadi mwisho. Bando utaona tofauti yake wiki hiyo hiyo. Na watu wakikunukulia ile saa moja kwa siku ya Shirika la Afya Duniani, wajibu kwa upole kwamba mwongozo ule wa mwaka 2019 ni wa watoto walio chini ya miaka 5. Wako wameshavuka.

Tumefika kwa dada wa kazi, na hapa ndipo mipango mingi ya aina hii hufia. Wewe unaondoka, yeye ndiye anabaki na kelele. Mpango usiomhusisha utavunjika siku ya kwanza, wala hutamlaumu, kwani amepewa nguo za kufua, chakula cha kupika na mtoto anayemvuta kanga. Simu yake ndiyo pumziko pekee la watoto na lake. Basi kaa naye mapema, watoto wasipokuwepo. Mwondolee kazi moja ya asubuhi kwa wiki mbili za mwanzo. Sakafu ya sebuleni inaweza kusubiri jioni. Mwombe saa hiyo na nusu simu yake ikae kabatini na sauti imewashwa, umpigie ukihitaji. Televisheni izimwe kwa wote, maana hakuna mtoto atakayeshika chelewa tamthilia ikiendelea nyuma yake.

Na mpe neno moja la kujibu: "Nimesikia." Mtoto akisema "dada, naboeka", anajibiwa "nimesikia", na dada anaendelea kumenya viazi. Hakuna mahubiri ya watoto wa zamani, hakuna "kacheze huko", hakuna orodha ya mapendekezo. Sauti iwe ya kawaida, kama mtu aliyeambiwa nje kuna mawingu. Mtoto akijibiwa kwa hasira amepata mchezo: kumkasirisha dada ni burudani nzuri kuliko vizibo. Dada ainuke kwa mambo manne tu: damu, moto, umeme, na mtoto kutoka nje ya geti.

Jumatatu usianze. Anza Jumamosi ukiwa nyumbani, rudia Jumapili, ili dada akuone unavyofanya na watoto waone kwamba amri ni ya wote wawili. Usiku wa Ijumaa waambie mapema, kwa sentensi mbili, kwamba kesho saa tatu mpaka saa nne na nusu hakuna simu wala televisheni kwa mtu yeyote, na kwamba wanaruhusiwa kufanya lolote lisilovunja wala kuumiza, hata kulala chali wakahesabu vigae vya dari. Kulala chali ni jibu halali kabisa. Mzazi akimkuta mtoto kalala hivyo humwona anapoteza muda, akamtafutia kazi, na hapo ndipo uzi unapokatika.

Siku tatu nne za mwanzo ndizo mbaya. Watagombana. Ugomvi wa vizibo waachie wao mpaka mikono iinuke; ukiamua kila kesi, kesi zitakuwa shughuli ya likizo. Kijana anaweza kuhamia kwa jirani ambako televisheni haizimwi, kwa hiyo zungumza na mama wa nyumba ile mapema, pengine naye ana Jumamosi kama zako. Wageni nao, hasa bibi mwenye huruma, watatoa simu mkobani kwa dakika tano tu. Mwambie bibi kabla, na mpe cheo: yeye ndiye mwalimu wa mdako. Na tafadhali muda huu usiugeuze adhabu. Mtoto akikosea halafu akaambiwa "leo saa zako za kukaa bure zitakuwa mbili", umeuharibu kwa mkono wako.

Tuisheni. Kama kijana bado hajui kusoma vizuri, au hesabu zimemshinda, mpeleke, na ni kwa sababu ya hesabu. Kama unampeleka ili asikae bure, unanunua simu ya aina nyingine: mtu mzima wa kumpangia kila dakika. Akirudi saa nane atasema nini? Naboeka.

Kuhusu wewe na daladala. Usijilaumu. Mwaka 2014 Timothy Wilson wa Chuo Kikuu cha Virginia na wenzake waliwaacha watu chumbani peke yao dakika 15, bila simu wala kitabu, pembeni kukiwa na kitufe cha kujipiga shoti ya umeme. Shoti yenyewe walikuwa wameshaionja na wamesema wangelipa fedha wasiipate tena. Wanaume 12 kati ya 18 walijipiga. Wanawake walikuwa 6 kati ya 24, kwa hiyo mpe mumeo aisome sehemu hii. Kama mtu mzima huchagua shoti kuliko mawazo yake mwenyewe, mwanao kulia dakika arobaini ni ustaarabu.

Anza na safari moja, ya kurudi. Ya kwenda acha ilivyo, una ujumbe wa kazi. Simu iingie chini kabisa ya mkoba, chini ya kanga na chombo cha chakula, sauti ikiwa imewashwa kwa ajili ya simu za nyumbani. Mfukoni haifai, kwa kuwa mkono utaitoa kabla hujaamua. Ukiwa umesimama huna la kufanya zaidi. Ukipata siti, kaa dirishani. Dakika kumi za mwanzo yatakuja madeni: ada ya Januari, kodi, yule uliyemkopa. Ni kawaida, akili hupanga foleni ikianza na wanaodai. Beba kipande cha karatasi na kalamu, andika kila kinachokuja kwa maneno mawili matatu, "ada, uliza awamu", ukifunge. Kikiandikwa hurudi mara chache. Baada ya hapo huja vingine, na hivyo hatuwezi kukutajia, vinakuhusu wewe.

Kuna mpaka mmoja tusiuruke. Kuwaza kunakotembea ni kuzuri. Kuwaza kunakozunguka pale pale, siku hadi siku, ni kitu kingine. Ikifika wiki mbili huna furaha na mambo uliyokuwa ukiyapenda, usingizi au hamu ya kula imebadilika, na mwili ni mzito kila asubuhi, hiyo si kuboeka. Inaweza kuwa sonona, na kituo cha afya ndiko kwa kwenda, bila kujaribu kujikalisha kimya zaidi. Kwa mtoto angalia hivyo hivyo: anayeboeka hukerwa kisha huchangamka akipata mwenzake wa kucheza. Anayejitenga na wenzake, ambaye hata simu haimfurahishi tena, anahitaji kusikilizwa.

Tumalizie na rimoti. Kama vipande vyote vipo, mrudishie yeye aiunge, usimpelekee fundi. Kwanza atoe betri. Parafujo, kama ipo, mara nyingi ni moja tu, imejificha pale betri zinapokaa. Nyingine hazina, vifuniko vimebanana tu na hufunguka kwa kadi ngumu ya plastiki, si kwa kisu. Ndani ataona bodi ya umeme na zulia la mpira lenye vitone vyeusi kwa chini. Vitone hivyo ndivyo vinavyogusa bodi kila kitufe kikibonyezwa, na uchafu wa mafuta ya vidole unaojikusanya hapo ndio unaofanya kitufe cha sauti kigome. Afute bodi na vitone kwa pamba yenye spiriti kidogo, aache vikauke, arudishe. Kisha aelekeze kile kitaa cha mbele kwenye kamera ya simu, ya mbele kwa kawaida ndiyo bora, abonyeze: kama rimoti ni nzima ataona mwanga ambao macho hayauoni.

Vitu vingine vya kufungua mpe, redio na saa za ukutani zilizokufa, ila viwe vya betri za kawaida na betri ziwe zimetolewa. Chochote cha kuchomeka ukutani hapana, hata kikiwa kimechomolewa: televisheni za chogo na oveni za maikrowevu huhifadhi umeme ndani. Betri ya simu isichomwe wala kupindwa, huwaka moto. Na zile betri ndogo za duara kama kifungo cha shati, za rimoti ndogo na vikokotoo, zikae mbali na mdogo wake. Ikimezwa inaweza kuunguza koo ndani ya saa mbili, kwa hiyo ukishuku tu amemeza, ni hospitali moja kwa moja, usisubiri atapike.

Bisibisi ndogo ya nyota, moja, iingie kwenye sanduku Ijumaa usiku.